Louisville mpaka Austin kwa gari, nisikilize waimbaji gani wa kantri na folk wa huko huko?

Wakuu habari za muda huu. Mwezi ujao mimi na shemeji tunaendesha gari kutoka Louisville, Kentucky mpaka Austin, Texas, tunapitia Nashville, Memphis, Little Rock na Dallas, ni kama maili 1,000 na ushee. Sasa shida ni kwamba kwenye simu yake shemeji ana Kenny Rogers na Don Williams basi, na hao nawapenda toka utotoni sikatai ila siku tatu nzima za The Gambler nitashuka njiani. Nataka watu wanaoandika nyimbo zao wenyewe, wa majimbo tunayopita, yaani nikichungulia dirishani niwe namsikia mtu wa pale pale. Zile zinazopigwa redioni kila saa sizitaki. Nawasilisha.

TairiKipara: 😂😂 mkuu mwambie shemeji The Gambler Kenny hakuiandika, aliandika Don Schlitz, kwa hiyo kwa sheria yako Kenny anashuka kabla gari halijawashwa. Ila Don Williams msimguse, ni mtoto wa Floydada, Texas, huyo ana haki ya kupanda.

BintiWaMakaa: Kwa Kentucky anza na John Prine. Najua atatokea mtu aseme amezaliwa Illinois, ni kweli, alikuwa mposta kabla ya muziki, lakini wazazi wake walitoka Muhlenberg County, magharibi mwa hiyo njia yenu ya I-65. Tafuta Paradise ya 1971. Mtoto anamwomba baba yake ampeleke kwenye mji aliokuwa anaambiwa habari zake, baba anamjibu umechelewa mwanangu, kampuni ya makaa ya mawe imeshaubeba. Wimbo wa dakika tatu tu na una historia yote ya sehemu ile, na wala hapigi kelele, anaimba kama anakusimulia mezani. Ukitaka kijana wa sasa hivi chukua Tyler Childers wa Lawrence County, kule mashariki, albamu Purgatory ya 2017.

GitaaLaBabu: Naunga mkono Prine. Mkifika Nashville msiishie kupiga picha kwenye mabango, kuna Bluebird Cafe ipo toka 1982, kaukumbi kadogo viti kama 90, waandishi wanakaa duara katikati wanaimba nyimbo zao kwa zamu na kueleza zilivyoandikwa. Ukipiga stori wakati wanaimba unanyamazishwa. Wekeni nafasi mapema, zinaisha haraka mno.

KalamuKavu: Arkansas watu huwa wanairuka tu, kosa kubwa. Mkivuka mto Mississippi pale Memphis wekeni Five Feet High and Rising ya Johnny Cash, alikulia Dyess na wimbo unahusu mafuriko ya 1937 yaliyowakuta yeye mwenyewe na familia yake, halafu angalieni mashamba yalivyo tambarare pande zote mtaelewa maji yalikuwa yanaenda wapi. Baada yake Iris DeMent, kazaliwa Paragould, albamu Infamous Angel ya 1992. Sauti yake ama unaipenda ama unaomba gari lisimame, hakuna katikati.

TairiKipara: mimi niliomba lisimame

KalamuKavu: Hushangazi mkuu.

GitaaLaBabu: Texas sasa ndio penyewe. Guy Clark wa Monahans, albamu Old No. 1 ya 1975, yule jamaa alikuwa anatengeneza na magitaa kwa mikono yake na nyimbo zake ziko hivyo hivyo, hakuna neno limekaa bure. Townes Van Zandt wa Fort Worth naye ndiye mwenye Pancho and Lefty, ingawa iliyofika namba moja 1983 ni ya Willie Nelson na Merle Haggard. Townes msimsikilize usiku dereva akiwa amechoka, anazamisha. Baada ya Dallas kwenye I-35 mtapita Abbott, kwao Willie, wekeni albamu yake Red Headed Stranger kuanzia mwanzo maana ni hadithi moja. Nyimbo kadhaa humo sio zake lakini sheria nayo ina likizo.

BintiWaMakaa: Na mdaunlodi kabisa kabla ya kutoka, mtandao ukikata katikati ya hadithi mtagombana.

Mleta uzi, MREJESHO: Wakuu tumefika salama. Paradise niliiweka tukiwa Elizabethtown, shemeji alikaa kimya mpaka tunaingia Tennessee ndio akauliza huyu mzee ana nyingine? Bluebird tulikosa nafasi, GitaaLaBabu ulisema. Iris aliruhusiwa nyimbo nne. Townes tulimzima Texarkana, shemeji alisema anamkumbusha madeni, kwa hiyo tumeingia Dallas na Don Williams.