Kazi mpya ya ofisi, wanatumia Teams na Zoom, nianzie wapi?

Kutoka: dada wa Columbus, Ohio

Wapendwa habari zenu, poleni na majukumu na hii baridi. Nina ombi. Baada ya muda mrefu wa kubeba maboksi ghalani Mungu kanifungulia mlango, nimepata kazi ya kushughulikia bili za kliniki, siku nyingine naenda ofisini nyingine nafanyia nyumbani, naanza Jumatatu. Wameniambia mambo yote yanapita kwenye Teams, ile programu ya chati na vikao vya kazini, na mitingi za watu wa nje ni Zoom, ya vikao vya video. Mimi WhatsApp naijua vizuri, vikao vya ukoo tunafanya kwa video kila tukiwa na jambo, ila hivi vya kazini sijawahi kuvigusa na sitaki nifike pale nianze kuhangaika mbele za watu. Nianzie wapi? Na je kuna kitu natakiwa nilipie?

Kutoka: kaka wa Minneapolis

Dada hongera sana, tumefurahi. Usilipe hata senti. Mwajiri ndo atakupa akaunti ya Teams pamoja na barua pepe ya kazi, na uingie kwa hiyo hiyo, maana ukiingia na akaunti yako binafsi hutaona mtu wala faili la ofisi na utadhani programu imeharibika kumbe umeingia mlango mwingine.

Wikiendi hii fanya mazoezi kwa vya bure. Zoom ya bure inakupa dakika 40 kwa kikao, Teams ya bure dakika 60, Google Meet dakika 60 pia mkiwa watatu au zaidi, na zote zinabeba mpaka watu 100. Dakika 40 zinakutosha kabisa, mpe mwanao simu akae chumba kingine, wewe kaa na kompyuta, muitane. Washa maiki zima maiki, washa kamera zima kamera, mpaka mkono uzoee. Kwa kompyuta ya Windows, Teams ni Ctrl+Shift+M, Zoom ni Alt+A, na kwenye Zoom ukiwa umezimwa unaweza kubonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi ukakishikilia unaongea, ukiachia umezimwa tena. Hicho ni kizuri sana ukiwa na watoto nyumbani.

Kuonyesha skrini, hapo uwe makini. Utaulizwa uonyeshe skrini nzima au dirisha moja, siku zote chagua dirisha moja, lile la kazi tu, kwa sababu ukionyesha skrini nzima na WhatsApp iko wazi kwenye kompyuta basi meseji ya shemeji kuhusu mchango wa harusi inasomwa na idara nzima.

Halafu kuna kitu wengi wetu hatuambiwi, maandishi ya papo kwa papo. Teams wanayo, Zoom wanayo, Meet wanayo, unawasha mwenyewe na kila anachosema mtu kinaandikwa chini ya skrini yako. Kingereza cha hapa watu wanameza maneno, wanaongea haraka, wawili kwa pamoja, ukiwasha yale maandishi unafuatilia bila kumsumbua mtu arudie. Kuna maneno yatakosewa ila yanasaidia mno, mimi naona yangekuwa kitu cha kwanza anachofundishwa kila mgeni.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo kwangu ndo zito kuliko vitufe vyote. Sisi tumelelewa kusalimia kwanza, unasema habari za asubuhi, unasubiri uitikiwe, unauliza za nyumbani, ndo unatoa shida yako. Ni adabu na mimi nawafundisha wanangu hivyo hivyo. Ila kwenye chati ya kazi ukiandika salamu peke yake ukakaa kusubiri, mwenzio anaona salamu hajui unataka nini, yuko kwenye mitingi, anasema nitamjibu baadaye, na wewe kazi yako imelala asubuhi nzima. Weka salamu na swali kwenye meseji moja. Habari za asubuhi fulani, naomba kuuliza ile bili ya juzi imerudishwa na bima kwa sababu ya namba ya matibabu isiyo sahihi, niirekebishe mwenyewe au nikuachie? Basi. Umemsalimia na amejua la kujibu, atakujibu hata akiwa katikati ya mambo yake.

Na ukimya pia. Kwetu mgeni akikaa kimya kikaoni akasikiliza wakubwa anaonekana ana heshima, huku mtu aliyezima kamera, maiki na hajaandika neno wanaanza kujiuliza kama yupo kweli. Hawana nia mbaya, ni kwamba hawakuoni. Kwa hiyo siku za mwanzo hata kama huna la kusema andika kwenye chati kwamba umeelewa na utalifanya lini, au inua mkono kwa kile kitufe uulize swali moja. Nimeona watu wetu wenye akili na bidii wanapitwa kwa sababu hii tu na inaniuma sana.

Kile kidoti cha pembeni ya jina lako kwenye Teams, kijani maana yake upo, chekundu una shughuli, njano umetoka. Usipogusa kompyuta dakika 5 kinageuka njano chenyewe, kwa hiyo usishtuke, na kama unaenda kuswali au kula weka ujumbe mfupi pale kwenye hali yako kwamba unarudi saa ngapi.

Kutoka: dada wa Reading, Uingereza

Naongezea la kalenda maana kaka hajaligusa. Mwaliko wa mitingi ukija bonyeza kukubali, usiuache hivi hivi, ukikubali unaingia kwenye kalenda yako kwa saa za mahali ulipo. Hili ni muhimu pia kwa wanaofanya vikao na nyumbani. Afrika Mashariki saa hazibadiliki mwaka mzima, ila huku zinabadilika, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo mimi na Dar tunapishana saa 3 wakati wa baridi na saa 2 kiangazi, wewe wa Columbus ni saa 8 na saa 7. Na zile wiki za Machi ambapo Marekani wameshabadilisha Ulaya bado, kila kitu kinavurugika. Tumeni mwaliko wa kalenda, msiandike tu tukutane saa mbili, maana mwingine atahesabu kiswahili na mwingine kizungu.

Kwa waliozoea Skype, ile ya kupigiana kwa video, imefungwa tangu Mei 2025, Microsoft waliwaelekeza watu Teams ya bure. Na kama mama nyumbani bando ni dogo mwambieni azime kamera, sauti peke yake inakula kidogo tu, video ndo inamaliza bando.

Kutoka: dada wa Columbus, Ohio

Mungu awabariki, nimeandika yote kwenye daftari. Swali moja, hizo chati za kazini mabosi wanaweza kuzisoma?

Kutoka: kaka wa Minneapolis

Ndiyo dada, akaunti ni ya mwajiri na chati zinahifadhiwa, hata ile ya watu wawili, akitaka kuiona anaweza. Mambo ya mshahara, ya nyumbani na ya kumsema mtu yabaki kwenye simu yako binafsi.

Na kwako wewe kuna zaidi kwa sababu ni kliniki. Kuna sheria ya HIPAA ya 1996 inayolinda habari za wagonjwa. Usiandike jina la mgonjwa kwenye chaneli ya watu wote, usipige picha skrini kwa simu yako hata kama unataka tu kuuliza humu, na ukifanyia nyumbani tafuta kona ambayo wageni hawapiti nyuma ya kompyuta, vaa hedifoni. Uliza siku ya kwanza taarifa za wagonjwa zinaruhusiwa kutumwa wapi, hilo swali litawapendeza.

Kama Excel bado inakusumbua kuna Northstar, tovuti ya shirika la Literacy Minnesota ya kujipima ujuzi wa kompyuta, ina majaribio ya bure mtandaoni, ya barua pepe, Word na Excel, unajipima unaona pa kukazia. Na intaneti ya nyumbani ikiwa dhaifu ulizia maktaba yako, nyingi huku Marekani zinaazimisha kifaa cha intaneti kama wanavyoazimisha vitabu.

Jumamosi tufanye mazoezi, saa mbili usiku kwako, kwangu itakuwa saa moja. Nakutumia mwaliko kwenye barua pepe yako, ukubali uone kama unaingia kwenye kalenda, halafu utanionyesha dirisha moja la Excel na maandishi ya chini yakiwa yamewashwa. Na wengine wanaoanza kazi karibuni waandike hapa chini niwaongeze.