Nani hulipia ziara na mikutano ya wanasiasa wetu? Tupeane uzoefu wa tuliyoyaona wenyewe

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu.

Mwanasiasa akipanda jukwaa mbali na kwake, sisi hubishana wiki nzima juu ya aliyoyasema, lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza mafuta ya msafara, tiketi, kitanda na vipaza sauti vililipiwa na nani. Swali hilo likijitokeza, mara nyingi huelekezwa upande mmoja tu. Mwanzoni mwa 2019, Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania ambaye alikuwa Ubelgiji kwa matibabu tangu Januari 2018 baada ya kushambuliwa kwa risasi Dodoma Septemba 2017, alizunguka Uingereza na Marekani akihojiwa na kuzungumza, na wapo waliouliza kwa ukali ni nani anayemgharamia. Swali lilikuwa halali kabisa. Tatizo langu ni kwamba Novemba 20, 2015, Rais Magufuli alipokuwa akifungua Bunge alieleza kuwa safari za nje katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, ziligharimu shilingi bilioni 356.3, na kwamba bilioni 183.16 kati ya hizo zilikuwa tiketi za ndege peke yake, nasi tukapiga makofi badala ya kujiuliza ilikuwaje miaka yote miwili tusijue.

Naomba basi kila mmoja asimulie alichokiona kwa macho yake, bila kutaja jina la mtu wala chama katika kisa chake. Naanza mimi.

Mwaka 2010 nilikuwa karani wa kituo cha mafuta katika mji mmoja ulio kando ya barabara kuu. Msafara wa mgombea uliingia saa kumi na moja alfajiri, magari kumi na moja, na dereva wa kwanza akaniambia maneno matatu tu: "Andika kwa mzee." Mzee alikuwa mwenye malori wa pale mjini, mteja wetu wa mali kauli wa siku nyingi. Niliandika namba za gari, lita na saini, na kwa wiki nzima waliendelea kuja, hadi kurasa nne za daftari zikajaa. Jumapili jioni mzee alikuja mwenyewe na bahasha ya kaki, akalipa taslimu hadi shilingi ya mwisho, kisha akaomba kwa upole mkubwa kwamba kurasa zile nne zichanwe. Nilizichana. Mwaka ule ule ndio ilipotungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea aeleze alichotumia na kilikotoka, lakini mafuta yale hayakuwa tena na mlipaji katika karatasi yoyote. Mwaka uliofuata malori ya mzee ndiyo yaliyobeba kokoto za barabara ya wilaya. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yaliungana. Nasema tu kwamba kurasa ambazo zingeweza kutusaidia kujua nilizichana mimi.

Kutoka Singida, dereva mstaafu

Nimeendesha magari ya halmashauri kwa miaka ishirini na miwili, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba mpaka kati ya ziara ya kikazi na ziara ya chama hupita katikati ya kiti cha nyuma cha gari. Nilimwendesha kiongozi mmoja aliyekuja kukagua miradi. Asubuhi alivaa suti, akazindua chumba cha darasa, akahimiza mahudhurio ya watoto. Saa tisa alasiri aliniambia nisimame chini ya mkwaju, akavua koti na shati, akavaa shati la chama lililokuwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, na tulipofika kijiji kilichofuata alishuka kama mwanasiasa. Gari lilikuwa lile lile lenye namba za SM, yaani za serikali za mitaa, mafuta yale yale, na posho yangu ilitoka katika masurufu yale yale.

Jioni nilitakiwa kujaza daftari la safari. Niliambiwa niandike "ukaguzi wa visima," nami niliandika hivyo kwa siku nne mfululizo, kilomita 640, ingawa kisima tulichokiona kilikuwa kimoja na kilikuwa kimekauka. Mkaguzi wa ndani alikuja kuniuliza ni kisima gani hicho kinachokaguliwa saa mbili usiku. Nilimjibu kwamba mimi kazi yangu ni usukani. Alicheka, akaweka alama ya tiki.

Kutoka Tarime, aliyekuwa mhazini wa tawi

Mimi nilikuwa upande wa pili, ule ambao hauna magari ya SM. Mikutano ya hadhara iliporuhusiwa tena Januari 2023, baada ya zuio lililokuwapo tangu 2016, tuliambiwa kwamba viongozi wa kitaifa watapita kwetu na kwamba tawi ligharamie mkutano wake. Siku yenyewe tulipitisha ndoo. Usiku tuliimwaga juu ya mkeka nyumbani kwangu na kuhesabu kwa mwanga wa simu mbili: sarafu nyingi, noti za mia tano zilizochakaa, noti moja ya elfu kumi iliyofungwa na karatasi iliyoandikwa "ya dizeli." Jumla ilikuwa shilingi 387,450. Fuso lililotumika kama jukwaa, jenereta, vipaza sauti na chakula cha wageni viligharimu 1,150,000.

Pengo lile lilizibwa na watu watatu: dalali wa mahindi, mwenye baa, na mtumishi mmoja wa serikali aliyeleta mchango wake baada ya saa nne usiku akiwa amevaa kofia ya sweta. Wote waliniomba nisiandike majina yao. Hawakuwa wakitafuta zabuni yoyote, kwa sababu hatukuwa na zabuni ya kumpa mtu. Mmoja alihofia kazi yake na wawili walihofia kwamba wakaguzi wa kodi wangewatembelea mara kwa mara kuliko majirani zao. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, siyo kila kurasa iliyochanwa ilichanwa kwa sababu moja. Shilingi 140,000 zilizobaki nilitoa mimi, na mke wangu hadi leo huziita ada ya mtoto.

Mwanzisha mada

Je, wale watatu mliwapa stakabadhi, hata isiyo na jina?

Kutoka Tarime

Hatukuwapa, na hapo nakubali kosa. Walipokuja wanachama kuuliza fedha zilizobaki baada ya ndoo zilitoka wapi, nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukazaa uvumi kwamba tawi limenunuliwa.

Kutoka Nakuru

Kwetu Kenya mlipaji ana jina moja maarufu: marafiki. Nilikuwa mweka hazina wa harambee ya kujenga kanisa. Mheshimiwa mbunge alishuka kwa helikopta katika uwanja wa shule ya msingi, vumbi likafunika sufuria za pilau, akazungumza kwa dakika arobaini, siasa tupu, kisha akatoa shilingi 300,000 zake na nyingine 700,000 "kutoka kwa marafiki zangu." Kitabu changu cha stakabadhi kilikuwa na nafasi ya jina la mtoaji, nami nilimwuliza msaidizi wake nijaze nini. Akasema, "Andika hivyo hivyo." Stakabadhi namba 41 ya kanisa letu mpaka leo inasomeka: Imepokewa kutoka kwa Marafiki.

Ndiyo maana sikushangaa Mei 2024, Rais Ruto alipokwenda Marekani kwa ndege ya kifahari ya kukodi ya kampuni ya Abu Dhabi. Kwanza alisema gharama ilikuwa chini ya ile ya kusafiri na Kenya Airways. Kelele zilipozidi, alieleza katika maombi ya kitaifa kwamba haikufika shilingi milioni 10, kwa kuwa marafiki walimpa kwa bei nafuu, na pale kwenye maombi hakuwataja. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, maandamano ya vijana yakiwa bado moto, aliagiza maafisa wa serikali waache kushiriki harambee. Kuhusu helikopta hakuna aliyeagiza lolote.

Kutoka Moshi

Naomba tusijitoe sisi wananchi katika hesabu hii. Mkono mtupu haulambwi, na sisi tumeushikilia msemo huo kama sheria. Mwaka 2000 takrima ilihalalishwa kabisa katika sheria ya uchaguzi, ikabidi mashirika ya kiraia yaende Mahakama Kuu hadi ilipobatilishwa Aprili 2006. Sheria ya 2010 nayo inahusu uteuzi, kampeni na uchaguzi; ziara inayofanyika miaka miwili kabla haiguswi. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukagua hesabu za vyama, ni kweli, lakini mafuta ya yule mzee hayakupita katika akaunti ya chama hata kwa dakika moja, kwa hiyo mkaguzi angeyaonea wapi?

Kutoka Maryland, Marekani

Nimesoma yote kwa makini, na nadhani kisa changu kinajibu sehemu ya zile safari za nje zilizotajwa mwanzoni.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea mwanasiasa wa upinzani kutoka nyumbani. Chuo kikuu kimoja kilimwalika kuzungumza, kikalipia tiketi ya daraja la kawaida na hoteli kwa usiku mbili. Usiku tisa zilizobaki tulimhifadhi sisi. Kwangu alilala katika chumba cha mwanangu wa miaka saba, chini ya shuka lenye picha za dinosaria, na asubuhi nilimkuta sebuleni akipiga pasi shati lake mwenyewe juu ya meza ya kulia. Tuliandaa chakula cha jioni, dola 40 kwa kila mtu, wakaja watu 63. Tulipata dola 2,520; ukumbi ulichukua 900, pilau na vinywaji 1,080, na 540 zilizosalia tukampa kwa usafiri wa kwenda miji mingine miwili. Hesabu hiyo niliiweka katika kundi letu la WhatsApp usiku ule ule, pamoja na picha za risiti.

Aliporudi nyumbani, gazeti moja liliandika kwamba safari yake ilifadhiliwa na mabeberu. Waandishi walipomwuliza uwanja wa ndege ni nani aliyemlipia, yeye, ambaye alikuwa na hesabu yote ndani ya simu yake, aliwajibu kwamba hilo haliwahusu. Tuhuma ya gazeti niliivumilia. Jibu lake ndilo lililoniuma, kwa sababu lilitufanya watu 63 tuliokula pilau kwa fedha zetu tuonekane kama kitu cha kufichwa.

Kilichonichekesha ni kumbukumbu ya kumsaidia kujaza fomu ya viza, kwa simu, miezi miwili kabla. Fomu ya Marekani ina mahali inapouliza ni nani anayelipia safari yako, na kama si wewe mwenyewe, utaje jina lake, simu yake na anwani yake. Alilijibu swali hilo bila kinyongo chochote, akinitajia jina la chuo herufi moja baada ya nyingine, na tulipomaliza akaniomba nirudie kulisoma, asije akakosea.