Mada: Brashi ya nywele ya gesi imeshikwa, fomu ipi jamani?

Kutoka: Bint Kibokoni (Leicester, kwa sasa Mombasa)

Assalaam aleikum nyote. Niko nyumbani tangu Ijumaa. Kupamba kwa mdogo wangu ni Alhamisi ijayo, inshallah. Lile pipa nililolituma kwa meli limefika na kila kitu kimetoka, sabuni, viatu, mpaka mapazia ya mama, isipokuwa ile brashi yangu ya moto isiyo na waya, ya gesi, na katriji zake nne, vile vichupa vya gesi vya akiba.

Nimekwenda ofisini (sitaji ipi, mtu asiniulize) mara tatu. Mara ya kwanza tatizo ni IDF, fomu ya kutangaza mizigo inayoingia nchini. Mara ya pili kijana mwingine akasema IDF haihusiki hapa, yatakiwa SDS, karatasi ya usalama wa kemikali. Leo nimeambiwa nilete barua. Barua ya nani? "Barua tu, mama." Akaitoa brashi kwenye boksi, akaivua kifuniko, akainusa kama mtu anunuaye samaki saa za jioni, kisha akairudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Swali langu ni moja. Aliyewahi kutoa kitu cha gesi hapa, ni fomu ipi hasa, na nani aitie sahihi? Na tafadhali msiniambie ninunue ya umeme. Jana stima imepotea tangu magharibi hadi saa nne, na shangazi yangu kichwa kimenyooka upande mmoja tu.

Kutoka: Mkaa Toronto

Shoga, pole. Yangu ilichukuliwa uwanja wa ndege, mwaka juzi, kwa sababu nilisahau kile kifuniko cha plastiki nyumbani. Sheria ya IATA, ule umoja wa mashirika ya ndege duniani, iko wazi: kifaa kimoja kwa abiria, kifuniko kimefungwa vizuri juu ya sehemu ya moto, na katriji za akiba haziruhusiwi, si mkononi si sandukuni. Sasa wewe umeweka nne! Hapo ndipo ulipojikwaa. Ukiirudisha huku, zitoe katriji za akiba, brashi yenyewe itie sandukuni uende zako.

Halafu nikwambie, huku wala haina faida kubwa. Januari niliiacha garini, asubuhi nabonyeza, tik tik tik, haiwaki. Kumbe butani ikikaribia nyuzi 0 haigeuki mvuke. Siku hizi naikumbatia kwapani dakika kumi kabla ya kuiwasha. Mume wangu akiniona ananicheka hadi analia.

Kutoka: Fundi wa Houston

Dada wa Toronto, usimpoteze mtu. Ukipitia Marekani, FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, inataka brashi ya gesi iwe kwenye mkoba wa mkononi PEKE YAKE. Ukiitia sandukuni wanaitoa.

Kutoka: Mkaa Toronto

Nimeandika IATA. Sikuandika FAA. Na yeye amepita Marekani lini? Watu wasome kwanza ndipo wajibu.

Kutoka: Ami Muscat

Wanangu, mimi mzee naomba kuelimishwa. Mnatia gesi ya jikoni kichwani? Mama yenu Mungu amrehemu alikuwa na shanuo la chuma, analipasha juu ya makaa, analijaribu kwenye karatasi, karatasi ikigeuka kahawia anangoja kidogo, kisha anapaka mafuta ya nazi anapitisha. Sisi watoto tukijua harusi imefika kwa ile harufu tu. Hakuna SDS wala nini.

Kutoka: Fundi wa Houston

Ami, shikamoo. Si gesi ya jikoni, ni butani, kama ya kiberiti. Wala haina mwali. Ndani mna kichocheo chenye platini. Ukibonyeza, cheche inaanzisha tu, kisha gesi inaungua kwenye kile kichocheo polepole bila mwali, ule mrija wa chuma unapata moto, na meno ya plastiki yanabaki ya kushikika. Hatari yake iko kwenye kujaza na kubadilisha katriji: fanya nje, mbali na jiko, na brashi iwe imepoa. Niece wangu hapa alibadilisha karibu na mshumaa wa udi, nusura atuondolee nyusi.

Kutoka: Ajenti Mstaafu (Bristol)

Nyote mmepotea njia. IATA na FAA ni za NDEGE. Pipa la huyu dada limekuja kwa MELI, na melini ni IMDG, kanuni za mizigo ya hatari baharini. Nimetoa mizigo bandarini Kilindini miaka mingi, najua ninachosema. Katriji zile ni UN 2037, namba ya kimataifa ya vyombo vidogo vya gesi, daraja 2.1, gesi inayowaka. Nadhani kwenye karatasi pipa limeandikwa "vitu vya nyumbani vilivyotumika", sivyo? Basi aliyekagua akifungua akakuta katriji, karatasi na mzigo havilingani. Hilo ndilo tatizo, na IDF hainalo lolote. Dada, BL yako, ile hati ya mzigo wa meli, unayo? DO, ile hati ya kuruhusu mzigo utolewe, nani aliichukua?

Zamani ungekuja ofisini kwangu Mwembe Tayari, chai ya tangawizi, tungelimaliza kabla ya adhuhuri. Lakini ofisi imekufa. 2019 serikali ilipoamuru makontena yapande reli mpya ya SGR yakatolewe Nairobi, vijana wangu sita walibaki na kucheza bao. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, tukapigwa mabomu ya machozi kwa kudai bandari yetu wenyewe.

Kutoka: Fundi wa Houston

Lakini Ruto aliirudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa siku ya kuapishwa, Septemba 2022. Tuseme ukweli.

Kutoka: Ajenti Mstaafu (Bristol)

Aliirudisha kwa mdomo. Wewe umewahi kutoa hata kontena moja? Mtu aliyehamia Bristol akiwa na miaka hamsini na minane harudishwi kwa tangazo.

Kutoka: Ami Muscat

Mwanangu umenichoma. Hapa Muscat bahari ipo, samaki wapo, mpaka Kiswahili kipo Ruwi ukikitafuta, lakini honi ya feri ya Likoni alfajiri sijaipata. Na asmini za hapa hazinukii kama zile za Kibokoni. Dada, bi harusi atavaa kikuba cha asmini?

Kutoka: Bint Kibokoni

Atavaa, ami. Ajenti, BL ninayo, DO aliichukua jamaa wa mapipa na simu yake haishikiki. Bado nauliza: barua ya nani? Nimeandika mwenyewe jana, "mimi fulani nathibitisha kwamba hii ni brashi ya nywele". Kijana ameisoma yote, akanisifu mwandiko, akauliza mhuri uko wapi.

Kutoka: Mkaa Toronto

Mhuri wa nani?

Kutoka: Bint Kibokoni

Ndilo swali langu.

Kutoka: Bint Kibokoni

Ni Ijumaa, kupamba kumekwisha, alhamdulillah. Somo wa bi harusi, bibi wa miaka sabini na kitu, alitoa shanuo lake la chuma kwenye kitambaa, tukawasha jiko la makaa uani. Mimi nikashika kipepeo cha makaa. Bi harusi alipokaa juu ya kiti, nywele zilikuwa zimelala kama hariri. Ilipofika saa tano usiku, ukumbi umejaa, mafeni yanapuliza joto tu, zetu sote zilikuwa zimesharudi zilikotoka, mawimbi yote yamekunjika shingoni kwa jasho. Za bi harusi hazikurudi, sijui kwa nini. Brashi iko kabatini bado, naondoka Jumatatu.

Kutoka: Mkaa Toronto

Mashallah, mabruki! Shoga, achari ya ndimu bado yauzwa pale sokoni Marikiti? Kakangu anapita Leicester mwezi ujao, nibebee chupa mbili nitume aje azichukue. Zitie sandukuni, si mkononi.

Kutoka: Fundi wa Houston

Inategemea na ujazo wa chupa.