Nati za magurudumu, magari ya zamani: uzi wa kushoto, nati moja ya kati, au bolti?

Spana_Kumi
Wakuu, jana nimekata bolti mbili za Dodge ya 1966, gurudumu la mbele kushoto. Nilidhani nalegeza, kumbe nakaza. Nilipokwangua kutu kwenye ncha ya bolti ya tatu nikakuta herufi L, yaani uzi wa kushoto (wa kawaida ni uzi wa kulia). Upande ule unafunguliwa kwa kufuata mshale wa saa! Sasa nauliza: huu mpango wa Chrysler, kampuni iliyounda Dodge, nati moja ya kati ya Waingereza, na bolti za Volkswagen, upi ulikuwa bora?

MamaGrisi
Pole sana. Chrysler walihofia nati zijifungue gari likienda mbele. Lakini nati tano zenye koni zinajishika vizuri kwenye rimu, ndiyo maana wengine walitumia uzi wa kulia pande zote bila tabu. Chrysler wenyewe waliuacha mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Spoku72
Kwangu nati ya kati haina mpinzani. MGB yangu, gari la Kiingereza la michezo, ina uzi wa kulia upande wa kushoto na uzi wa kushoto upande wa kulia, kinyume kabisa na Dodge yako, na si makosa. Gurudumu linakaa kwenye meno ya habu (kitovu linapofungwa gurudumu), nati moja kubwa inalibana kwa koni. Gari likitembea, nati huelekea kujizungusha kinyume cha gurudumu, kwa hiyo inajikaza. Fundi akibadilishana habu za kushoto na kulia, nati itajifungua barabarani. Piga kwa nyundo ya shaba, meno yapake grisi. Nati za kati zenye masikio ya kupigia nyundo Marekani ilizipiga marufuku kuanzia 1968, ndipo zikaja za pembe nane.

Kobe_wa_Chuma
Volkswagen Beetle ya zamani: bolti 5 kwenye duara la milimita 205, zinaingia kwenye dramu ya breki yenyewe, bila nati. Rimu ni nyepesi, katikati wazi. Ila kufunga ni kazi: gurudumu unaliinua kwa goti huku unatafuta tundu.

MamaGrisi
Renault 4 na Citroën 2CV zina nati tatu tu, na zinatosha.

Spana_Kumi
Asanteni. Nabaki na uzi wa kushoto, nimeagiza bolti tano zenye L. Za zamani nizitoe kwa nyundo?

MamaGrisi
Usithubutu, mkuu! Zimekandwa kwenye dramu. Kata kwanza ule ukingo uliokandwa, kisha zisukume kwa presi. Ukizitoa kwa nguvu tundu linapanuka na bolti mpya haitashika.