Naenda kwa dada Minnesota: maski nimtafute wapi, na nahodha wa kuaminika nitamjuaje?

MwanaWatamu
Assalam aleikum wakuu. Mwishoni mwa Julai nasafiri kumtembelea dada yangu, anaishi Brooklyn Park, Minnesota, na nitakuwa huko mpaka mwisho wa Septemba. Mimi kazi yangu ni boti za wageni hapa Watamu, sulisuli na nduaro ndio wanaotulisha. Wageni wanaotoka Minnesota na Wisconsin wakishatulia botini mazungumzo yao ni maski tu, yule samaki mrefu wa maziwa ya kule, mwenye kinywa cha bata na meno ya kutisha. Nimewasikiliza miaka mingi, sasa nataka kumwona mwenyewe.

Shemeji ana gari ila hana boti, kwa hiyo nahitaji mahali pa karibu. Pia nitakodi nahodha angalau siku moja. Nimezungumza na mmoja kwa simu, akanihakikishia samaki siku hiyo hiyo. Nahodha anayehakikisha samaki simwamini hata hapa kwetu. Nyinyi mnawachaguaje? Na dada anataka nimletee mmoja ampike wa nazi. Je, inaruhusiwa?

Kisumu_MN
Karibu sana kaka. Nianze na la nazi, maana ndilo litakaloleta maneno nyumbani. Maski wa Minnesota akiwa chini ya inchi 54, yaani sentimita 137, sharti arudi majini. Wanaofika urefu huo ni wachache sana, na hata hao karibu kila mvuvi huwaachia, kwa sababu samaki huyu huchukua miaka mingi kukua na kila ziwa lina wachache. Isitoshe zebaki humjaa mwilini. Ushauri wa afya wa jimbo ni kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka 15 wasimle kabisa. Wapwa zako wana umri gani?

Kwa sufuria ya dada, nenda na hao watoto kwenye gati la ziwa lolote la mjini mkavue sunfish, samaki wadogo bapa wa maziwani, kwa funza na ndoano ndogo. Watoto wa chini ya miaka 16 hawahitaji leseni. Nyama yake nyeupe na tamu, ila miiba ipo.

Kuhusu mahali: ukiwa Brooklyn Park uko jirani na mto Mississippi. Pale bwawa la Coon Rapids maski wapo, na unavua ukiwa nchi kavu. Ndani ya Minneapolis kuna maziwa ya Bde Maka Ska na Harriet. Ukipata boti, ziwa la Minnetonka ni mwendo mfupi magharibi ya jiji, lakini wikendi mawimbi ya boti za starehe hayakupi nafasi. Nenda katikati ya wiki, jua likizama.

ZaitunBintiSaidi
Kaka MwanaWatamu, nakuomba jambo moja: maski mwachie Septemba. Mwisho wa Julai maji ya juu huweza kufika nyuzi 27 za Selsiasi, na hapo oksijeni hupungua. Samaki aliyepigana sana utamwona anaondoka vizuri, kumbe anakwenda kufa chini. Manahodha wanaojali husimamisha safari za maski joto likifika hapo, hata kama mteja ameshalipa. Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa nahodha yeyote: "Maji yakifika nyuzi 27 unafanyaje?" Akisita, natafuta mwingine.

La pili, mwombe akuonyeshe vifaa vya kumwachia samaki kabla hujaangalia fimbo zake. Awe na wavu mkubwa wa mpira unaomweka samaki ndani ya maji huku ndoano zikitolewa, koleo ndefu, na mkasi wa chuma wa kukata ndoano iliyozama. Ndoano ni rahisi kununua nyingine. Samaki anainuliwa kwa kulazwa kwenye mikono miwili, picha moja, anarudi. Anayemning'iniza kwa taya ili apendeze kwenye picha, usipande boti yake.

Uliza pia kama vifaa na mafuta vimo kwenye bei, na bakshishi iweke pembeni.

Binafsi napenda ziwa la White Bear, upande wa St. Paul. Maji yake ni maangavu, kwa hiyo natoka usiku.

MwanaWatamu
Shukran dada Zaitun. Huku nasi sulisuli tunawatia alama na kuwaachia, kwa hiyo tunaelewana. Septemba basi, in shaa Allah. Wageni hunitajia ziwa la Mille Lacs, kuna ukweli? Na je, wanaburura chambo nyuma ya boti kama sisi?

Kisumu_MN
Ukweli upo. Rekodi ya jimbo ilitoka Mille Lacs Novemba 2021, ratili 55 na ushei. Ni kama saa mbili kwa gari kuelekea kaskazini. Ziwa ni pana na halina kina kirefu, upepo ukibadilika linachafuka haraka. Huko kodi nahodha, usiende na boti ndogo ya rafiki. Maski wake ni wakubwa lakini wachache, unaweza kurusha chambo kutwa usiguswe.

Kuburura kunaruhusiwa, ila kila mtu mshipi mmoja tu, si kama nyinyi mnaotandaza mingi. Wengi hurusha. Chambo kinachopendwa ni kile cha manyoya chenye vibati viwili vinavyozunguka, na mshipi wa kusuka wa ratili 80 kwenda juu, na waya mbele.

Sasa sikiliza. Maski hufuata chambo mpaka ubavuni mwa boti bila kukigusa. Usikitoe majini! Zamisha ncha ya fimbo, chora nane kubwa ndani ya maji, kona zake ziwe pana ili naye aweze kugeuka. Wengi huuma pale pale, mshipi ukiwa umebaki mfupi kuliko mkono wako. Chora nane kila mrusho, hata kama hujaona kitu.

Leseni nunua mtandaoni kwa idara ya maliasili, DNR. Ipo ya saa 24, ya saa 72 na ya siku 7. Wiki ya kwanza ukifika niandikie faragha, tutaanza na bwawa la Coon Rapids, tuwatafutie wapwa sunfish.