EDS au WDS: kilele cha 2.3 keV kwenye stenlesi 316, ni salfa kweli?

bolti_moja: Wakuu habari zenu. Nina bolti ya stenlesi 316 imekatika, nimeiweka kwenye hadubini ya elektroni, EDS (kipimo kinachotambua elementi kwa nishati ya eksirei zake) inatoa kilele pale 2.3 keV (keV 1 ni eV 1000, ndo kipimo cha nishati hiyo) na programu imeshaandika salfa, kila ninapogusa ipo hata sehemu safi kabisa. Niandike hivyo kwenye ripoti au nitafute WDS, ile inayochambua eksirei kwa urefu wa wimbi? Maana bei yake si mchezo

mama_spektra: Usiandike salfa mkuu!! 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, mstari wake wa L uko 2.293 keV na salfa K iko 2.307 (K na L ni majina ya makundi ya eksirei za kila elementi), yaani eV 14 tu zinawatenganisha wakati EDS uwezo wake wa kutenganisha ni eV 130 hivi. Hapo lazima uone kilele kimoja, jina programu inachagua tu

kristali_PET: Ndo maana mie ni WDS siku zote. Eksirei inapigwa kwenye kristali, kila pembe inarudisha urefu wake wa wimbi, unashuka hadi eV 10 au chini ya hapo na wale wawili wanaachana peupe. Hata kitu cha asilimia 0.01 unakikamata, EDS ikifika 0.1 imejitahidi. Ila inakwenda taratibu na inataka sampuli iliyosuguliwa ikalainika, huo uso wa mpasuko wenyewe haufai

mama_spektra: Sawa, lakini kabla hajalipa apandishe volti za hadubini hadi 30 kV aangalie 17.4 keV, molibdeni ina mstari wa K pale, salfa haina chochote. Halafu atafute vidoa, kama ni salfaidi ya manganizi basi manganizi nayo itapanda palepale na chuma kishuke

dada_karakana: Na kaboni jamani msiisome kwa EDS, uchafu wa ndani ya chemba unajipaka juu ya sampuli. 316 mwisho kaboni asilimia 0.08, 316L (ile ya kaboni kidogo) mwisho 0.03, hiyo peleka kwenye mashine ya cheche, inayopiga sampuli cheche na kusoma mwanga wake

bolti_moja: Nimerudia kwa 30 kV, 17.4 ipo kila mahali, ila kidoa kimoja kirefu manganizi imeruka juu sana. Kwahiyo kwingine naandika molibdeni, WDS nalipia kidoa hicho tu

kristali_PET: Safi. Kata kipande pembeni ya mpasuko ndo usugue, mpasuko wenyewe uache kama ulivyo