Stelingi hafi, mpenzi wake je?

Mleta mada

Tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua kanuni: stelingi hafi. Hata amiminiwe risasi vipi, atajiviringisha nyuma ya pipa na benchi zima litapiga makofi. Anayekufa ni rafiki yake, yule mchekeshaji, ili stelingi apate hasira za kumalizia picha.

Wiki hii nimerudia The 100, tamthilia ya Marekani, na nimekasirika upya kama vile ndiyo mara ya kwanza. Lexa ni kamanda wa koo kumi na mbili. Huyu ndiye aliyemshinda Roan kwenye pambano la kufa na kupona, kisha akarusha mkuki ukampata malkia aliyekuwa amekaa jukwaani. Yeye na Clarke, mwanamke mwenzake na stelingi wa tamthilia, wamezungukana misimu miwili, leo maadui, kesho washirika. Machi 2016 hatimaye wakalala pamoja. Dakika chache baadaye Titus, mshauri wa Lexa mwenyewe, anamfyatulia Clarke bastola, risasi inamkosa Clarke, Lexa anaingia mlangoni na kuipokea tumboni. Kamanda wa majeshi amekufa kwa risasi isiyokuwa yake.

Sasa rudini Mei 2002, tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer. Willow na Tara, wanawake wawili wapenzi, wametoka kupatana baada ya kuachana. Wako chumbani, wana furaha. Adui yao Warren yuko uani anampiga stelingi Buffy risasi, moja inapotea, inapita dirishani na kumuua Tara. Na ndiyo mara ya kwanza jina la Amber Benson, aliyemwigiza Tara, kuwekwa pale mwanzoni pamoja na wahusika wakuu. Wamempa kiti na jeneza siku moja.

Miaka 14 kati ya risasi hizo mbili, na zote zimepotea njia zikafika chumba kile kile. Ndugu zangu, hiyo ni bahati mbaya au ni uvivu?

Swali langu: mwandishi akiwaua wanawake wawili wanaopendana, au mmoja wao, tumdai nini? Msimamo wangu nautoa mapema. Sidai wasife. Nadai wapewe muda kwanza. Wagombanie rimoti, wachomwe na mafuta ya maandazi, wachoshane kidogo, ndipo mtu afe. Hawa wanapata jioni moja tu, na asubuhi tunaitwa msibani.

Mwana Temeke

Mkuu, unalia kilio cha mashabiki. The 100 ni tamthilia ya kuuana toka mwanzo. Finn alikuwa mpenzi wa Clarke, mwanamume, na Clarke mwenyewe ndiye aliyemchoma kisu. Nani alimwandikia waraka Finn? Tena Alycia Debnam-Carey, aliyemwigiza Lexa, alishapata kazi ya kudumu kwenye tamthilia nyingine, Fear the Walking Dead. Mwigizaji ameondoka, mlitaka mhusika afanyweje, apewe likizo bila malipo?

Mleta mada

Kuondoka aondoke, hiyo ni riziki yake. Ila Finn alikufa kwa jambo alilolifanya, aliua wanakijiji kumi na wanane na deni likaletwa mlangoni. Kifo chake kina mzizi. Cha Lexa kina mlango uliofunguliwa vibaya. Angekufa vitani ningelia, nisingeandika. Jason Rothenberg, mwenye tamthilia, mwenyewe aliandika barua ndefu mwezi ule ule ya kuwaomba radhi mashabiki. Nao mashabiki hawakuishia kutukana mitandaoni: walichangishana zaidi ya dola 100,000 kwa The Trevor Project, shirika la Marekani linalozuia vijana kujiua, na mwaka uliofuata likafanyika kongamano zima Las Vegas, ClexaCon, jina likitokana na Clarke na Lexa. Finn hana kongamano, Mwana Temeke. Na unajua kwa nini: wapenzi kama yeye wako kwenye kila chaneli.

Baba Neema

Nimepita tu, naona mada imechangamka. Mimi ni mzazi na sifichi, mambo haya siyakubali, imani yangu hairuhusu. Lakini hata nikiweka imani pembeni, nina shida na uandishi. Tamthilia nyingi za siku hizi zinamleta mhusika wa namna hii hana kazi, hana mama, hana deni la duka. Kazi yake ni kusimama pale tumwone kwamba yupo. Huyo ni bango la barabarani. Bango likibomolewa msitake nilie.

Dada wa Likoni

Baba Neema, la imani ni lako, hatutagombana. La bango nakuunga mkono. Mwenyewe naona wengi wamechongwa kwa panga.

Lakini si wote. Mchukue Arizona wa Grey's Anatomy. Daktari wa upasuaji wa watoto, ndugu yake alikufa Iraki, anapanda viatu vya magurudumu hospitalini. Alifunga ndoa na Callie mwaka 2011 kwenye tamthilia, na Seattle yenyewe inakosimuliwa hadithi hiyo, sheria ya ndoa za jinsia moja ilianza Desemba 2012. Kwa hiyo harusi ilitangulia sheria. Halafu ndege ikaanguka, akakatwa mguu, na Callie ndiye aliyeidhinisha ukatwe. Wallahi ile ndiyo ndoa niliyoiamini! Hasira zake haziishi, anamlaumu mkewe kwa mguu kila asubuhi, mwisho anatoka nje ya ndoa, wanaachana, wanapelekana mahakamani kugombania mtoto. Nilimchukia Arizona miezi. Simwiti bango mtu niliyemchukia miezi.

Mleta mada, hapo ndipo muda wako ulipo. Walipewa misimu. Talaka yao iliniuma kuliko risasi ya Lexa.

Halafu nikuchekesheni. Sailor Moon, katuni ya Kijapani, ina Haruka na Michiru, wanapendana wazi. Ilipotiwa sauti za Kiingereza kwa ajili ya Marekani, wakaambiwa watazamaji kwamba hao ni binamu. Basi wakabaki wanatazamana vile vile, wanashikana mikono vile vile, ila sasa ni binamu! Walidhani wameficha. Kwetu Pwani wangekuwa wametangaza: binamu nyama ya hamu.

Mwana Temeke

😂😂 Dada umeniua. Watafsiri wetu wa vibandani nao ndivyo walivyofanya, mtu akibusiwa unaambiwa "anampa pole, amefiwa."

Baba Neema

Binamu nimecheka, nakiri. Lakini hiyo ni katuni, na katuni ni ya mtoto. Hapo ndipo bodi za filamu zinapoingia na mimi naziunga mkono.

Dada wa Likoni

Nilijua utafika huko. Mwaka 2017 bodi ya filamu hapa Kenya ilitaka katuni sita ziondolewe, The Legend of Korra ikiwemo. Umeiona, Baba Neema? Misimu minne Korra anapigana, anavunjwa, anajifunza upya kutembea. Rafiki yake wa kike Asami ndiye pekee ambaye Korra anamwandikia barua, wakati hataki kuandikiana na mtu mwingine. Mwisho wake, Desemba 2014, wanashikana mikono na kuingia kwenye mwanga. Basi. Hakuna hata busu. Ilibidi watunzi waandike mtandaoni siku chache baadaye kueleza kwamba ndiyo, walikuwa wanamaanisha hivyo. Mwanangu aliitazama yote akauliza kitu kimoja, yule mbwa-dubu wa Korra ameachiwa nani.

Baba Neema

Swali la mwanao ni zuri. Langu liko palepale. Bodi ikiruhusu mikono leo, kesho itaulizwa la busu. Mzazi ana haki ya kuwa na mlango na kuufunga.

Mpiga Theluji

Habari za huko, naandika toka Minnesota nikitoka zamu ya usiku, mnisamehe makosa.

Mnakosa mfano mmoja mkubwa. Wynonna Earp, tamthilia ya Kanada. Waverly na Nicole, Nicole ni polisi. Juni 2016, miezi mitatu tu baada ya Lexa, vidonda bado vibichi, Nicole anapigwa risasi msimu ukielekea mwisho. Nilisimama sebuleni nikasema hapana, tena? Kumbe kavaa fulana ya kuzuia risasi! Askari aliyevaa vifaa vyake vya kazi, jambo la kawaida kabisa, na watu tulilia kama tumefufuliwa ndugu. Wakaoana sehemu ya mwisho kabisa, Aprili 2021.

Na mwaka huo huo wa 2016 ikaja San Junipero, sehemu moja ya tamthilia ya Black Mirror. Hapo Yorkie na Kelly wote wawili wanakufa, tena kwa hiari, wakiwa wazee, roho zao zinahifadhiwa kwenye kompyuta wacheze disko la 1987 milele. Sijaona mwisho wa furaha zaidi ya huo. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada, tatizo si maiti.

Ila ongezeni risasi za ofisini. Gentleman Jack, kisa cha kweli cha Anne Lister wa Yorkshire aliyeandika sehemu ya shajara yake kwa maandishi ya siri, yeye na Ann Walker wakapokea sakramenti pamoja kanisani York mwaka 1834 na kujihesabu wameoana: misimu miwili, 2022 kituo cha HBO kikajitoa. First Kill, msimu mmoja, mwaka huo huo. Warrior Nun, miwili, mwaka huo huo. Mwandishi anaweza kuwapa muda wote duniani, akija mtu wa mahesabu unakwisha.

Mwana Temeke

Hilo la mahesabu ndilo nilikuwa nalisubiri. Ofisi inaua kila kitu, hata tamthilia za polisi. Na Killing Eve je, ile ya Eve mpelelezi na Villanelle, mwanamke muuaji wa kukodiwa? Misimu minne walipewa. Muda upo, mleta mada. Bado Villanelle akafa.

Mleta mada

Killing Eve umenikamata, nakubali nusu. Misimu minne ya kukimbizana, lakini hebu hesabu wamekuwa pamoja kwa amani siku ngapi. Siku moja na kidogo, barabarani. Kisha wanakumbatiana kwenye boti, wanapigwa risasi, wanarukia mtoni Thames, Eve anaibuka peke yake anapiga kelele. Luke Jennings, aliyeandika riwaya zenyewe, aliwaacha hai vitabuni, na mwisho huo wa runingani aliulaumu hadharani. Kwa hiyo narekebisha kauli yangu: wapewe muda *wakiwa pamoja*. Kukimbizana sikuhesabu.

Wapenzi wangu wa kudumu wanabaki Willow na Tara, pamoja na ile risasi. Siku waliyokutana mizimwi inawafukuza, wanajifungia kwenye chumba cha kufulia, hawana nguvu za kuuziba mlango. Willow anajaribu kuisogeza mashine ya kuuzia soda kwa uchawi, inakataa. Tara anamshika mkono. Wanatazamana, mashine inaruka na kuuziba mlango. Hata busu la kwanza lilikuwa mbali, mwaka mzima na zaidi.

Mwana Temeke

Sehemu ya ngapi hiyo, mkuu?

Mleta mada

Msimu wa nne, sehemu ya kumi, inaitwa Hush. Mji mzima umeibiwa sauti, hakuna anayesema neno. Mtafsiri wa kibandani angekaa tu na maiki yake, angekosa pa kumchomekea binamu.